Samadi ya Boma la Zamani

Kalunde alinipigia simu asubuhi, nikiwa nyuma ya nyumba yangu hapa Cheyo, Tabora, nageuza lundo la mboji, nikalazimika kuifuta mikono kwenye kanga kabla ya kupokea. Sauti yake nilikuwa sijaisikia kwa miaka mingi, lakini niliitambua kabla hajajitaja. "Wifi," alisema, "mama ametutoka." Hakusema mama yake, alisema mama, kama vile talaka yangu na kaka yake haikuwahi kuandikwa. Nilikaa palepale juu ya ndoo iliyofunikwa, jua likinipiga utosini, sikumbuki nilimjibu nini. Wanangu, niliowazaa na mume wa pili, Mungu amrehemu, walinishangaa waliponiona nafunga mzigo. "Mama, mkwe wa ndoa iliyokwisha sisi hatujazaliwa, unamwendea msibani kama nani?" Niliwaambia ninakwenda kama mimi, na asiyetaka kunisindikiza stesheni na abaki. Watoto wa siku hizi wanadhani mtu akishaandikiwa talaka basi amefutiwa na kumbukumbu.

Goweko nilifika jioni, maziko yameshapita. Nilioneshwa nafasi kwenye mkeka miongoni mwa wanawake, nikaketi nimeegemea ukuta. Nyumba sasa ni ya matofali na bati, lakini imesimama palepale, na dirisha la chumba kilichokuwa changu linatazama upande uleule wa nyuma. Nilichungulia nikaona mahindi ya mtu na kamba ya kuanikia nguo. Hapakuwa na dalili yoyote kwamba pale palikuwa na bustani. Niliishi katika kiwanja kile mwaka mmoja tu, mwaka tuliohamishiwa kijijini, na nimeishi kwingine kote umri wangu wote uliobaki. Hata hivyo nikiulizwa ni mwaka gani ningeomba nirudishiwe, ningeutaja huohuo bila kufikiri, na ningeuomba pamoja na uchungu wake.

Jinsi nilivyofika huko haina hadithi ndefu. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Mtendeni, Tabora, na Hamisi, kaka yake Kalunde, alikuwa akija mjini kwa mambo yake, wazee walizungumza wakaelewana, nikapandishwa treni na masanduku yangu. Wakati huo familia yao ilikuwa bado inaishi mbali na stesheni, kwenye mji wao wa zamani katikati ya miombo: nyumba yao, miembe yao, na boma la ng'ombe lililokuwepo tangu enzi za baba yake Hamisi, ambaye alikuwa ameshafariki. Sikupata hata muda wa kuuzoea mji ule. Ilikuja amri kwamba kila mtu ahamie kijijini, karibu na shule na zahanati, nyumba zikae kwenye mistari. Waliotumwa kusimamia walituhimiza tutoe vyombo, halafu wakaliwasha moto paa la nyasi ili tusije tukarudi. Mama Hamisi, mama mkwe wangu, alisimama akiangalia hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kikopo cha ugoro kilichofungwa kwenye pindo la kanga. Alichota ugoro kwa vidole viwili, akavuta, akapiga chafya, akasema, "Haya, Mwarabu wangu, beba hilo sufuria twende."

Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, Mwarabu wangu, kwa sababu ya nywele zangu na watu wetu wa Mtendeni. Wengine waliniita hivyo kwa kubeza. Yeye alilisema jinsi mtu anavyosema mwanangu.

Nyumba mpya tuliijenga haraka kwa miti na udongo, na kuta zake zilikaa na unyevu kwa muda mrefu. Chumba changu na Hamisi kilinukia tope. Ukuta kati yetu na chumba cha mama ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akigeuka kitandani tulimsikia, na yeye bila shaka alitusikia sisi, jambo lililonitia aibu kila nilipomwamkia asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mmelala?" Na katika lile mmelala kulikuwa na kicheko kidogo. Wifi Kalunde, aliyekuwa msichana bado, alilala chumba kimoja na mama yake. Tulikula pamoja sisi wanawake jikoni, kibanda cha nyasi chenye moshi: ugali, mlenda uliopikwa na karanga, na kiangazi kilipokaza, michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukivichovya kwenye karanga zilizotwangwa. Mboga mbichi hatukuwa nazo. Kiwanja tulichogawiwa kilikuwa mchanga mweupe mtupu, ukimwaga maji yanapotea kabla hujageuka. Mama alipanda mchicha mara moja, ukatoka mwekundu, ukakaa kimo cha kidole, ukafa. Jioni akasema, akiuambia moto kuliko sisi, "Samadi yote ile tumewaachia panya."

Ndipo nilipotoa wazo langu. Mtendeni kwetu tulikuwa na ua mdogo wa nyuma, na bibi yangu alikuwa akiotesha nanaa, kotimiri na bilinganya katika matuta aliyoyainua kwa matofali mabovu, akiyajaza udongo alioutengeneza mwenyewe, kwa kuwa udongo wa chini ulikuwa kifusi kitupu. Nilimweleza mama: hatuna haja ya kuulima mchanga huu, tuinue matuta juu yake, tuyazungushie magogo, tuyajaze udongo wetu. Mama alicheka hadi machozi. "Sikiliza, Kalunde! Mwarabu anataka kuwatandikia nyanya kitanda." Lakini kesho yake asubuhi alinigongea ukuta, akaniambia nichukue kikapu.

Tulirudi kwenye mahame. Nimetumia neno hilo kwa makusudi, maana ndivyo palivyokuwa: mji wa watu uliogeuka mahame kabla majivu hayajapoa vizuri. Paa halikuwepo, kuta zilikuwa nyeusi, lakini boma lilikuwa limesimama na ndani yake samadi ya miaka na miaka, iliyokanyagwa na kwato hadi ikawa ngumu. Mama alinionesha. Ya juu aliifagia pembeni, akasema hiyo imekaushwa na jua haina nguvu tena. Ile mbichi ya ng'ombe wa mwisho kabla ya kuhama pia aliikataa, akasema inaunguza mizizi. Alichimba kwa jembe hadi akaifikia ya chini, nyeusi, inayomong'onyoka mkononi, isiyonuka. Aliisogeza puani kwangu. "Hii ni ya ng'ombe waliokuja kwa mahari ya dada yake mume wangu," alisema. Tuliijaza vikapuni, tukajitwika, tukarudi kijijini kwa miguu kupitia porini, tukiimba tukiwa mbali na watu na kunyamaza tukikaribia mistari ya nyumba, kwa kuwa kurudi mahameni kulikatazwa. Tulikwenda hivyo asubuhi nyingi. Nikisema zilikuwa asubuhi za furaha kuliko zote za ujana wangu mtu atanicheka, mavi ya ng'ombe yakinivujia shingoni jasho likitiririka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Njiani alinizungumzia mambo ambayo mama yangu mzazi hakuwahi kunizungumzia, kuhusu waume, na uzazi, na ujane. Mimi nilimzungumzia Mtendeni, maduka yaliyofungwa, na harufu ya kahawa barazani.

Samadi peke yake haikutosha kuyajaza matuta yote, ikabidi tutengeneze mboji. Majani tulikosa, kijiji kizima kilikuwa kimefyekwa na kuchomwa. Kitu pekee kilichokuwa tele ni mabaki ya tumbaku. Shamba la tumbaku la kijiji lilikuwa limeshavunwa, mabua yamelundikwa, na sakafuni mwa bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, kulikuwa na vumbi na vipande vya majani hadi kwenye vifundo vya miguu. Bwana shamba alikuwa ametoa agizo mkutanoni kwamba mabua yote yang'olewe na kuchomwa moto. Aliagiza tu. Hakusema kwa nini, wala hakuna aliyemuuliza, maana mwaka ule tulikuwa tumechoka kuambiwa. Mama alisonya njia nzima kurudi nyumbani. "Watu hawa kila kitu ni kuchoma. Wamenichomea nyumba, sasa wanataka nichome na mbolea." Tukayabeba yale mabua, tukayakatakata kwa panga, tukayapanga kwenye lundo: tabaka la mabua, tabaka la samadi, majivu ya jikoni, udongo wa kichuguu, kisha tena mabua. Mama alichomeka mti mrefu katikati ya lundo, na kila baada ya siku kadhaa aliuchomoa na kunipa niushike. Ukiwa wa moto na una unyevu, lundo linaiva. Ukitoka mkavu, tunamwagia maji. Mara ya kwanza nilipoushika na kuona joto lile nilipiga ukelele, na mama akaniambia nisiwaamshe wadudu waliolala humo.

Matuta yalipokaa sawa tulipanda mchicha, pilipili, bilinganya, na nyanya nyingi kuliko vyote. Mvua za kwanza zilipoanguka, mboga zikachipuka kama zimesukumwa. Mama alikuwa na mazoea yake ya mchana, baada ya sala ya adhuhuri: anavuta ugoro, anafunga kikopo, kisha anaingia matutani na kupita mche hadi mche akivunja kwa vidole yale machipukizi ya kwapani yanayoiba nguvu ya mche. Mimi nilimfuata nikifunga miche kwenye vijiti. Majirani walikuja kutazama, wengine wakaomba mbegu, na wengine walirudi kwao wakaanza kuburuta magogo. Siku moja tulikaa ukingoni mwa tuta, miguu tumeinyoosha, akaniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. "Tangu nihame sijawahi kusema hapa ni kwangu. Siku tutakayopika nyanya za matuta haya, nitakubali nimehama. Na wewe siku hiyo uache kuhesabu treni za Tabora zinavyopita." Sikujua kama alikuwa amegundua. Kweli nilikuwa nikizihesabu. Nikamwahidi nitaacha, na moyoni nilizisubiri nyanya zile kama mtu anavyosubiri ndoa yake ifungwe mara ya pili, safari hii na nyumba yenyewe.

Hatukuzipika. Ugonjwa ulianzia pembeni. Jani moja moja lilitokwa na madoa ya kijani kibichi na manjano, yamechanganyika, kisha majani mapya yakaanza kutoka membamba, yamejikunja. Mama aliongeza samadi. Akaongeza ile mboji, tena akaisugua vizuri kwenye mashina. Akazidi kuvunja machipukizi kila siku, mche mgonjwa na mzima. Ugonjwa ukasambaa ukayamaliza matuta ya nyanya yote, ukaingia kwenye pilipili. Matunda yaliyotoka yalikuwa madogo, magumu, na ukiyapasua ndani yana michirizi ya kahawia. Mchicha peke yake ulisimama umenawiri katikati ya wafu, na nakumbuka niliuchukia.

Lazima nieleze mwiko uliokuwepo, maana wajukuu zangu wameniuliza wakadhani natania. Mwanamke aliye mwezini haingii bustanini. Akiingia, mboga zitanyauka, na nyanya na maboga ndiyo huwa ya kwanza. Nilikuwa nimeusikia hata Mtendeni, na niliushika. Siku zangu zilipofika nilibaki jikoni, Kalunde akaenda kuchuma. Siri haikuwepo, kwa sababu siku hizo mimi siswali, na nyumba ile ilikuwa na mkeka mmoja wa kuswalia kwa wanawake. Ukiuacha bila kuutandika, nyumba nzima inajua, na jirani akiwepo anajua pia. Hapohapo wanajua jambo lingine, kwamba bibi arusi bado hajashika mimba. Kila mwezi niliukwepa ule mkeka nikiwa na aibu mbili.

Aliyeupeleleza zaidi ya wote ni Shangazi Nyamizi, dada yake marehemu baba mkwe, aliyekaa nyumba ya tatu kwenye mstari wetu na hakuwahi kumpenda mjane wa kaka yake. Siku moja nikiwa katika siku zangu mbuzi aliingia bustanini. Nilikimbia hadi ukingoni, nikasimama nje ya magogo, nikamtupia bonge la udongo akakimbia. Sikukanyaga ndani. Shangazi aliniona kutoka kwake, na kwa macho yake ya mbali ukingoni na ndani palikuwa pamoja. Nyanya zilipokufa alikuja, akakaa chumbani kwa mama, na mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta ule mwembamba nikasikia kila neno.

"Wa mjini hawajui miiko, wifi. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alikuwa anafukuza mbuzi. Aliniambia."

"Na mbuzi huyo hakuwa ndani? Alimfukuzaje?"

Shangazi akashusha sauti, ikawa mbaya zaidi. "Mwaka unakwisha tumbo tupu, na sasa hata udongo unamkataa. Wewe unangoja nini?" Nilikaza sikio nikingoja mama amwambie atoke. Nilimjua mwanamke aliyetazama paa lake likiungua akaagiza sufuria libebwe. Kwake yeye Shangazi Nyamizi hakuwa kitu. Lakini kilichokuja kupitia ukuta ule kilikuwa kimya tu, na chafya ya ugoro.

Kikao kilikaliwa baada ya chakula cha mchana, sebuleni, Hamisi akiwa ameketi kwenye kigoda anachora chini kwa kijiti. Shangazi alisema yake. Nikaulizwa, nikaapa kwamba sikuingia. Shangazi akasema aliyeingia hawezi kukubali, aulizwe mwenye bustani, maana yeye kila siku yumo matutani na anajua nani hukanyaga wapi. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikajua yamekwisha. Nilimgeukia nikasema, "Mama, waambie." Alikuwa amekaa mlangoni, nusu ya uso wake kwenye mwanga. Hakunitazama. Alifungua kikopo, akakifunga bila kuchota. "Mimi sijui," alisema. "Mimi sijui kitu."

Sikuwa nimeomba aniapie. Niliomba aseme tu kwamba ananiamini. Nilikuwa tayari kusikia chochote kutoka kwa Shangazi, na hata kwa Hamisi, ambaye alikuwa mume mpole asiyejua kusema hapana kwa mtu mzima. Yale maneno ya mama ndiyo yaliyonitoa Goweko. Siku chache baadaye iliamuliwa nikapumzike kwetu kidogo, na kila mtu alijua kupumzika huko maana yake nini. Asubuhi ya kuondoka, mama alikuwa ameshang'oa miche yote ya nyanya peke yake. Alikuja hadi mlangoni, akaweka mapajani mwangu furushi la michembe na karanga, akageuka akaenda zake. Niliona ananilipa niende. Kwenye treni nilimpa furushi lote mwanamke mwenye mtoto, kisha nikakaa na njaa hadi Tabora, nimenuna. Hamisi hakuja kunichukua, na hatimaye talaka ilikuja.

Nimeolewa tena, nimezaa, nimezika mume. Sikukaa nikilia. Lakini mtu anaweza kuishi vizuri na bado akawa na mlango mmoja moyoni asioufungua, na wangu ulikuwa huo. Mara nyingi nilijiuliza ningefanya nini zaidi. Nilidhani labda kweli nilikanyaga. Niliurudia ukingo ule kichwani, hatua zangu, bonge la udongo, mbuzi, hadi nikawa sina hakika na miguu yangu mwenyewe.

Kisha, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kikundi chetu cha akina mama wa Cheyo kililetewa bibi shamba atufundishe matuta ya kuinua na mboji. Nilicheka kimoyomoyo, atanifundisha nini mimi. Alipofika kwenye nyanya akasema tusitie kamwe mabaki ya tumbaku kwenye mboji, kwa kuwa tumbaku na nyanya na pilipili ni ukoo mmoja, na zina ugonjwa mmoja unaokaa katika mabua makavu muda mrefu na kuhamia. Akasema hata mvuta sigara au mla ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana huubeba kwenye vidole. Halafu akatuonesha picha ya jani: madoa ya kijani na manjano, limejikunja. Wenzangu walidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nilikwenda nikakaa chooni, nikalia hadi kanga ikalowa.

Ningeweza kwenda Goweko wiki ileile. Nauli nilikuwa nayo, na nilijua mama yu hai. Niliifikiria safari hiyo nikaona nitafika, nitamwamkia, kisha nitamwambia mwanamke mzee kwamba aliyeziua nyanya ni yeye, kwa mabua aliyoyachagua na vidole vyake vya ugoro. Niliona ni kumwonea. Nikasema, ya nini kufukua kaburi, ameshanisahau, mwache mama wa watu azeeke kwa amani. Nilijiona nina huruma. Nikaendelea kunyunyizia matuta yangu, miaka ikapita juu ya huruma hiyo.

Msibani, watu walipopungua na chai ikaletwa, Kalunde alikuja kukaa karibu yangu. Amenenepa, amekuwa bibi, ana macho ya mama yake. Aliniuliza hali ya watoto, akanipa pole ya ujane, kisha akazungusha kikombe mkononi. "Wifi," alisema, "kuna neno mama aliniachia nikupe. Nilimwambia akupe mwenyewe, akaniambia hana uso."

Nikamwambia aseme.

"Mwaka ule wa matuta, mama alikuwa anadhani ameshakoma. Siku zake zilikuwa zimekatika muda mrefu. Halafu, tulipohamia hapa, zikamrudia. Akaona haya. Mjane anatokwa damu, na Shangazi Nyamizi yupo nyumba ya tatu, unafikiri wangesema nini? Wangesema ametoa mimba. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Aliendelea kutandika mkeka na kuswali ili watu wasijue, na akaendelea kuingia kwenye nyanya kila siku, maana angeacha tungeuliza. Zilipoanza kufa alijua ni yeye. Na ulipoulizwa wewe, alikuwa anajua hukufanya kitu."

Chai yangu ilinipoa mkononi. Nilimsikia Kalunde akiendelea, kwamba mama hakupanda tena nyanya maisha yake yote, na kwamba kila baada ya Ramadhani alikuwa akifunga siku za ziada, akiulizwa za nini anasema ni deni lake na Mungu. Alisema mama alijua ameswali bila tohara, ameua bustani, na amevunja nyumba ya mwanawe, yote kwa kuogopa maneno ya mwanamke mmoja, na kwamba maneno yake ya mwisho yenye akili yalikuwa kuhusu mimi.

Nikamwambia. Nilimweleza kuhusu mabua, bani, agizo la bwana shamba asiyetoa sababu, picha ya jani. Nilimwambia damu haiui nyanya, ya mama wala yangu, kwamba ulikuwa ugonjwa wa tumbaku tu na ungewapata watu wowote. Kalunde alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo mama hakukosa?"

"Nyanya hakuziua kwa alilodhani. Hakukosa."

"Umejua lini?"

Nilimwambia. Aliangalia chini, akahesabu miaka kwa vidole, na nikaona inavyomwingia. Nilijaribu kueleza. Nilisema sikutaka kumsumbua mtu mzima, nilidhani ameshanisahau, anaishi kwa amani.

"Alikuwa anakuulizia kwa kila anayetoka Tabora," Kalunde alisema. "Siku moja mtu akamwambia uko Cheyo, una watoto, una bustani nzuri nyuma ya nyumba. Mimi nikamwambia, mama, twende basi, ni treni tu hiyo. Akakataa. Akasema, ameshanisahau huyo, anaishi kwa amani, tusiende kumsumbua."